Perege wa Kidevu Cheusi

Bwana Cheti aliingia nyumba ile na masanduku mawili, mke mmoja na fremu ya kioo, na katika vyote hivyo alichokibeba kwa mikono miwili ni fremu. Masanduku aliyaburuta, mke alifuata mwenyewe. Kabla hajapewa hata maji ya kunywa alishaomba nyundo na msumari, akaitundika sebuleni mkabala na mlango, ili kila anayeingia asalimiane na cheti kwanza ndipo asalimiane na watu. Kilikuwa cheti cha kuzalisha vifaranga vya samaki, na muhuri wake mwekundu ulikuwa mpana kama kisosi.

Shombo alikuwa kasimama mlangoni na ndoo ya pumba mkononi. Jina la kuzaliwa alikuwa nalo, ila nyumba ile ilishalisahau. Hili la Shombo alipachikwa mwaka wa kwanza wa ndoa na wifi yake, ambaye ndiye huyo mke wa Bwana Cheti, eti harufu ya samaki imemwingia mpaka kwenye nywele. Watu walicheka, jina likaganda.

"Ee, wifi, bado upo?" Wifi alimpima kwa macho toka utosini mpaka kwenye kandambili. "Nilidhani umeshaolewa kwingine."

"Nipo, wifi. Karibu."

"Unanikaribisha wewe? Kwetu?"

Shombo alihamisha ndoo mkono wa pili, akapita zake. Alijua kilichowaleta, na mtaa mzima ulijua, maana jirani wa ukuta mmoja alikuwa mama mmoja aliyeitwa Redio, na hilo jina hakupewa bure.

Mambo yalikuwa hivi. Mama mkwe wake Shombo alikuwa na mabwawa manane pale ambapo mfereji wa maji ya bahari unaingia na kukutana na maji ya mto. Saba yalikuwa ya kukuzia samaki. La nane, dogo, lenye kuta za zege na wavu juu, lililojificha nyuma ya kibanda cha vyakula, ndilo liliitwa bwawa la wazazi: humo walikaa samaki wa kuzaa, na vifaranga vyote vya yale saba vilitoka humo. Mlango wake ulikuwa na kufuli, na ufunguo ulifungwa kwenye pindo la kanga ya Mama Mkwe miaka yote. Sasa miguu yake ilikuwa imevimba, daktari kamkataza kukanyaga maji, naye akatangaza mezani, mdomo umejaa chakula, kwamba mwezi ukiisha ufunguo anautoa.

Siku ile waliokuwa mezani wote walimtazama Shombo. Miaka kumi na moja alikuwa akiingia maji yale asubuhi na jioni. Mumewe, kitinda mimba wa nyumba ile, alifariki mwaka wa tano, hawakujaliwa mtoto, na tangu hapo kila Wifi akija likizo alikuwa na wimbo wake mmoja: mjane asiye na mtoto ni mgeni anayechelewa kuaga. Akiupata ufunguo, hakuna atakayemwambia afungashe. Asipoupata, ana chumba tu cha kupewa na sahani ya kupewa. Shombo hakuhitaji kufafanuliwa hesabu hiyo. Na Wifi naye aliijua, ndiyo maana siku ya tisa baada ya tangazo alikuwa mlangoni na mume na fremu.

Samaki wenyewe walikuwa perege wa kidevu cheusi. Pale waliitwa videvu tu, kwa lile doa jeusi chini ya mdomo, kama mtu aliyejifuta kwa mkono wa makaa. Ni samaki wa mahali maji yanapogombana. Mtie kwenye chumvi ya bahari, ataishi; mtie kwenye maji ya mto, ataishi; mvua ikibadilisha maji kwa nusu siku, wenzake wanaelea matumbo juu na yeye anaendelea kutafuna matope yake na ukoga wake kama hakuna kilichotokea. Lakini kituko chake kiko kwenye ndoa. Anayetongoza ni jike. Jike ndiye anayechimba kijishimo kwenye tope, kipana kama sahani, ndiye anayemzungukia dume na kumsukuma mpaka akubali. Akishataga anaondoka kwenda kula. Dume ndiye anayebaki, anayaokota mayai yote kwa mdomo, makubwa kama dengu na ya manjano kama kiini cha yai la kuku, na anayakumbatia humo mdomoni wiki mbili, hata tatu. Hali cha maana. Kichwa kinakuwa kikubwa, mwili unasinyaa, mpaka watoto wajue kuogelea ndipo anawatema.

Siku ya kwanza Shombo kushuka bwawani, Mama Mkwe alimwekea mmoja kiganjani, akamfunua mdomo kwa kidole gumba.

"Huyu nani?"

"Mama yao," akajibu bibi harusi.

"Baba yao, mjinga wewe. Mama yao yule kule anakula."

Walicheka mpaka Redio akachungulia juu ya ukuta kuuliza kuna nini, na alipoelezwa akasema nipeni mmoja kama huyo, hata akiwa hana miguu nitambeba.

Basi. Bwana Cheti yeye alikuwa amesomea samaki wa maji baridi, tena kituo kikubwa, mbali na bahari. Huko walizalisha sato, na kwa sato anayebeba mayai mdomoni ni mama. Alilijua hilo kama anavyolijua jina lake. Kwamba binamu wa sato angeweza kuishi kinyume, hilo halikuwa kwenye daftari lake, na kisichokuwa kwenye daftari lake hakikuwepo duniani.

Wiki ya kwanza alimkuta Shombo kainama kwenye lango la maji, kachota kwa kiganja, kaonja, katema.

"Shemeji, unafanya nini?"

"Naangalia chumvi. Imepanda kidogo, nataka nifungue maji ya mto."

"Kwa ulimi? Hapa ni mabwawa au ni jikoni mnaonja mchuzi?" Akatoa mfukoni kipima chumvi chake, akadondoshea tone, akakielekeza kwenye jua, akafinya jicho moja. Akakaa hivyo muda.

"Imepanda?" Shombo akauliza.

"Kidogo."

"Basi ngoja nifungue ya mto."

Kisa hicho kilifika kwa Redio kabla maji hayajafika bwawa la pili, na jioni mtaa wote ulikuwa unafinya jicho moja kila Bwana Cheti akipita. Hakumsamehe Shombo. Wifi ndiyo kabisa. Tangu siku hiyo chumvi ya chakula cha Shombo ilikuwa inazidi au inakosekana, na akiuliza anaambiwa si aonje kwa ulimi wake wa maabara.

Siku kumi kabla ya mwezi kwisha Mama Mkwe alisema, "Wazazi wachambuliwe. Wamezeeka na wamejazana. Afanye mkwe wangu, niuone mkono wake. Wewe Shombo utamshikia wavu."

Shombo alielewa kwamba huo ndio mtihani. Alielewa pia kwamba yeye hakuitwa kufanya mtihani.

Asubuhi hiyo Bwana Cheti alishuka bwawani na buti mpya za kufika mapajani. Kando aliweka matangi mawili, la bluu na jeusi. Mchuuzi wa samaki alikuwa ameshaegesha gari lake dogo langoni, lenye masanduku ya barafu nyuma, na yeye mwenyewe kasogea kutazama. Wifi alikuwa kakaa juu ya ukuta wa zege na mwavuli, kama mtu aliyenunua tiketi.

"Sikiliza, shemeji," Bwana Cheti alisema. "Kazi nyepesi. Aliyejaza mdomo ni jike, tangi la bluu. Mdomo mtupu ni dume, jeusi. Halafu naacha dume mmoja kwa kila majike watatu. Madume yaliyozidi yanakwenda kwa mchuuzi, hayana faida, yanakula bure."

Shombo alidhani anamtania. Akamtazama usoni, akaona hatanii.

"Shemeji, hawa siyo kama sato. Hawa anayebeba ni baba. Hao wa mdomo mtupu ndio mama zao, wengi wao. Mguse tumbo, utayasikia mayai."

"Nani kakuuliza?"

"Nakwambia tu kabla hujaharibu."

"Miaka miwili nimekaa darasani, wewe uniambie kuharibu!" Alimgeukia mchuuzi. "Umesikia, bwana? Huku baba ndiye anayetamia."

Mchuuzi akacheka. Wifi akacheka zaidi, mwavuli ukatikisika, na katika kile kicheko akalitupa neno lake: "Ndiyo maana hakuzaa huyu! Miaka mitano yote alikuwa anamsubiri mdogo wangu ndiye ashike mimba!"

Mchuuzi aliacha kucheka. Aliangalia viatu vyake. Hata Bwana Cheti alijifanya kukagua wavu.

Maji yalikuwa yamemfika Shombo kiunoni, na aliyasikia yanavyompita miguuni, upande mmoja ya baridi, upande mmoja ya vuguvugu. Aliinamisha wavu, akainua samaki wa kwanza. Mdomo mtupu. Tumbo lilikuwa laini na limejaa, ungeweza kuyahesabu mayai kwa kidole. Akamnyooshea shemeji yake.

"Huyu?"

"Dume. Jeusi."

"Haya."

Wakaendelea hivyo. Kila jike lililopita mikononi mwake alilijua. Mengine aliyakuza yeye toka yakiwa kama mbegu za tikiti, moja lilikuwa na pezi lililokatwa na ndege aina ya mdiria, na alilitibu mwenyewe kwa maji ya chumvi kali. Alilinyoosha. Jeusi. Bwana Cheti alikuwa anapiga mluzi. Mwisho wa kazi tangi la bluu lilijaa madume matupu yenye midomo imejaa, na kwenye lile jeusi akachagua wachache wakubwa wa kurudisha, waliobaki wakamwagwa kwenye masanduku ya barafu. Beseni moja Wifi aliliweka kando: jioni anaita majirani, mume wake apongezwe.

Dirisha la Mama Mkwe lilitazama lango, bwawa la wazazi halikuonekana toka pale. Shombo alipopita na ndoo aliitwa.

"Wewe. Imekwendaje?"

"Imekwisha, mama."

"Kachambua sawasawa?"

Langoni mchuuzi alikuwa anafunga kamba ya turubai. Fundo la kwanza. Samaki walikuwa ndani ya barafu, ndiyo, lakini kidevu si wa kufa haraka. Ukimrudisha majini ndani ya dakika chache atatikisa mkia kama aliyeamshwa usingizini. Shombo aliliona hilo lote, alimwona mchuuzi anapiga fundo la pili, na alimsikia Wifi bado anacheka huko nyuma.

"Shemeji anaijua kazi yake, mama."

Mama Mkwe alimtazama. "Na wewe umeridhika?"

"Mimi ni nani wa kuridhika?"

Gari likaondoka.

Jioni, jua likiwa bado juu ya paa, uani hapakuwa na pa kuweka mguu. Redio kaja na dada zake wawili, fundi seremala kaja na mkewe, na wale ambao hawakualikwa ndio waliowahi viti. Mafuta yalikuwa yameshachemka. Wifi alikuwa amevaa kama anakwenda kupigwa picha, na kila anayeingia alimpeleka kwanza sebuleni kwenye fremu, "Someni wenyewe, mimi nikisema mtasema najisifu." Bwana Cheti alikuwa anamweleza fundi seremala hasara ya kufuga madume mengi.

Kwenye nyumba ile kupasua samaki ilikuwa haki ya Mama Mkwe peke yake. Alidai wengine wote wanapasua nyongo. Basi alikuwa kwenye kigoda chake, miguu kainyoosha, kisu mkononi na beseni pembeni. Alipasua wa kwanza, akaingiza kidole, akatoa mifuko miwili ya manjano. Akaiweka ubaoni. Alipasua wa pili. Mifuko miwili. Wa tatu. Akasimamisha kisu.

"Nani kaleta majike jikoni?"

"Hayo ni madume, mama," Bwana Cheti alijibu toka kwenye kiti chake, sauti ya mtu aliyeshiba sifa. "Yale yaliyozidi."

Mama Mkwe aliinua mifuko ya mayai kwa ncha ya kisu, kila mtu akaiona.

"Dume lenye mayai!" Redio aliruka. "Jamani, huyo akiolewa msininyime kadi!"

Ua mzima ulilipuka kwa kicheko. Wifi alicheka nao nusu, kisha akaona uso wa mama yake, akafunga mdomo. Mama Mkwe alikuwa anapasua kwa haraka sasa, mmoja baada ya mwingine, hasafishi, anafungua tu na kutupa. Manjano. Manjano. Manjano. Kicheko kilikufa chenyewe, kutoka viti vya mbele kwenda vya nyuma.

"Mchuuzi mpigieni simu."

Redio ndiye aliyekuwa na namba, kama alivyokuwa na namba za watu wote. Alisikiliza, akashusha simu. "Anasema nusu ameshauza. Waliobaki wamekakamaa kwenye barafu."

"Wazazi wangu wote," Mama Mkwe alisema. "Majike ya miaka saba ya kuchagua." Akamgeukia mkwe wake. "Hivi kile cheti ulikisoma wewe, au kilikusoma?"

Bwana Cheti alisimama kutoka kwenye kiti. Shingo ilikuwa imemwiva. "Mama, kwa sato..."

"Nani hapa amekuonyesha sato?"

"Siyo yeye!" Wifi alijitupa mbele, kidole kimenyooka. "Huyu hapa! Huyu Shombo! Alikuwepo toka mwanzo, wavu kashika yeye, samaki kawatoa yeye kwa mikono yake! Ametufanyia kusudi!"

Macho yote yalihama. Shombo alikuwa kwenye jiko, anageuza vipande kwenye mafuta. Alisogeza karai kando ya moto kwanza, taratibu, ndipo akasimama.

"Nilisema, wifi. Asubuhi, kabla samaki hata mmoja hajatoka. Mume wako nilimweleza kinaga ubaga. Na wewe ukanijibu. Hebu lirudie lile jibu hapa mbele ya watu."

Wifi alirudi hatua moja nyuma.

"Lirudie. Si lilikuchekesha?"

"Kasema nini?" Mama Mkwe aliuliza.

Basi Shombo alilirudia mwenyewe, neno kwa neno, pamoja na mahali pa kucheka. Mke wa fundi seremala aliziba mdomo kwa kiganja. Redio aliinamia simu yake kana kwamba kuna aliyempigia.

Mama Mkwe alikuwa anamtazama binti yake. "Mdogo wako huyo," alisema. "Ndiye unayemfanyia mzaha. Haya, hilo ni langu mimi na wewe, watu wakiondoka." Akakiweka kisu ubaoni. Shombo alijua ameshinda. Aliona jinsi mwaka ujao utakavyokuwa, aliona mpaka rangi ya kamba atakayofungia ufunguo.

"Na wewe," Mama Mkwe alisema bila kuinua sauti. "Lile neno, mimi nililisema?"

"Hapana, mama."

"Mimi dirishani nilikuuliza nini?"

Shombo alitafuta jibu la kuzunguka. Alikuwa nayo mawili matatu, alikuwa ameyaandaa tangu mchana.

"Uliniuliza kama kachambua sawasawa."

"Ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

"Gari lilikuwa wapi?"

"Langoni."

"Samaki wazima?"

"Wengi wazima."

Mafuta yalikuwa yanapoa, yanatoa sauti ndogondogo. Mama Mkwe alishika pindo la kanga, akalifungua fundo kwa meno kama alivyofanya kila siku. Ufunguo ulitoka. Alimnyooshea Bwana Cheti, na Bwana Cheti alitazama nyuma yake kuona kama kuna mtu mwingine.

"Shika. Wewe kichwa ni kitupu, ila kitupu naweza kukitia kitu. Huyu nimemjaza mwenyewe miaka kumi na moja, kijiko kwa kijiko. Leo nimeomba nirudishiwe kijiko kimoja tu, akanifungia." Akamgeukia Shombo. "Utamfundisha."

"Sitamfundisha."

"Basi chumba unacho na chakula utapewa. Bwawani usikanyage."

Wifi hakuthubutu kutabasamu, lakini alimpisha Shombo apite kwa heshima kubwa sana, akisogeza hadi ncha ya gauni lake, kama unavyompisha mgeni.

Kesho yake Shombo aliamka saa ile ile ya kila siku, akavaa, akakaa kitandani. Hakuwa na pa kwenda na mikono yake. Chumba chake kilikuwa upande wa kibanda cha vyakula, na bila kutaka alisikia kila kitu: kufuli, buti, mtu mzima anaingia majini kama gunia linatupwa. Kisha vurugu. Wavu unaburutwa chini mpaka kwenye tope, samaki wanagonga kuta. Alijifunika kanga masikioni. Akaifunua. Akajiambia si samaki wangu. Alipofika kwenye hilo neno la mwisho alikuwa ameshatoka nje pekupeku.

Bwana Cheti alikuwa katikati ya bwawa, kamshika dume mmoja mkia juu, hewani, na anamfungua mdomo kwa kalamu. Mayai yalikuwa yanamdondoka kwenye maji, punje za manjano, na vinywa vilikuwa vinatokea chini na kuzila.

"Mrudishe majini, we mwendawazimu!"

"Umekatazwa kukanyaga huku."

"Nimekatazwa. Mrudishe! Unamtisha, na akitishika anawameza wanawe! Na wenzake wote humu wanakusikia, wanameza sasa hivi, unaua watoto wa bwawa zima kwa hiyo miguu yako!"

Alishaingia. Maji yalimpanda na nguo zake za ndani ya nyumba. Alimnyang'anya samaki, akamzamisha, akamshika kwa viganja viwili bila kumbana, kichwa kikielekea kwenye maji yanayoingia, akangoja. Mashavu ya samaki yalifunguka, yakafungwa. Yalifunguka. Machache yalikuwa bado yamo mdomoni. Alimwachia, akaenda chini taratibu.

Bwana Cheti alikuwa kasimama pale, kalamu mkononi, mayai mawili yamemganda kwenye kucha. Usiku hakulala huyu, ilionekana. Kwenye paji la uso alikuwa na alama ya mto wa kitandani, ya kugaagaa tu.

"Mimi nataka tu kujua yupi ni yupi," alisema.

"Huhitaji kumfungua mdomo. Tazama chini ya taya, pamevimba. Tazama mgongo, amekonda. Na ulowanishe mikono kwanza. Na uvue hizo buti, huwezi kusikia tope na buti." Alijisikia anasema, na kila neno lilimchoma likitoka, lakini hakuweza kulirudisha. "Shika beseni. Chini zaidi. Lizamishe mpaka maji yaingie, asihisi kama ametoka. Hujawahi kubeba kitu wewe?"

Juu ya ukuta Wifi alikuwa amefika, bila mwavuli leo, macho yamevimba kwa maongezi ya jana na mama yake. Alimtazama Shombo aliyelowa mpaka kifuani.

"Nilijua tu hutaweza kukaa kwenye chumba."

"Na mimi nilijua tu mumeo hataweza kukaa bila mimi. Ondoa kivuli chako kwenye maji, unawatisha."

Wifi aliondoa kivuli.

Wakafanya kazi mpaka jua likapanda, bila salamu na bila pole. Shombo aliinua, Bwana Cheti aliangalia, alikosea, alitukanwa, aliangalia tena.

"Huyu?"

"Taya. Nimesema taya."

"Baba."

"Enhe. Na huyu?"

"Baba pia." Alipokea wa tatu, akamzungusha ndani ya maji kama alivyoonyeshwa, wa nne, wa tano. Paji lake la uso likakunjamana. "Shemeji, wote hawa ni baba. Majike wako wapi?"

"Walio wengi uliwapeleka kwenye karai, shemeji. Inamisha beseni."